Teknolojia ya Kuunganisha Ubongo na Kompyuta: Matumizi ya Kiraia na ya Kijeshi

Teknolojia hii hunasa ishara za umeme za ubongo na kuzigeuza kuwa amri kwa mashine. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walimwezesha mwanamke aliyepooza kuanzia shingoni kujilisha chokoleti kwa mkono wa roboti aliouongoza kwa fikra. Miongoni mwa wafadhili ilikuwemo DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Mwaka 2015, wakala huo ulibainisha kuwa mwanamke huyohuyo aliongoza kwa fikra ndege ya kivita katika mtambo wa mafunzo ya urubani.

Kwa kuwa njia ileile humhudumia mgonjwa na jeshi, usiri wa ubongo unahitaji kinga ya kisheria. Chile iliiweka kinga hiyo katika Katiba yake mwaka 2021.