Kingo za Vijito vya Uluguru na Ridhaa ya Watu

Mto Ruvu, ambao tangu zamani umelinywesha jiji la Dar es Salaam, hupata sehemu kubwa ya maji yake katika milima ya Uluguru, na kwa sababu hiyo habari za vijito vya milima ile haziwahusu Waluguru peke yao.

Aghalabu mtu wa mjini aonapo kichaka kando ya mto hudhani kuwa ni ardhi iliyoachwa bure. Ilhali mvua ya masika inapoteremka na udongo mwekundu, ni nyasi na matete ya kichaka kile yanayoipunguza kasi, udongo ukatua na maji yakaingia mtoni yamekwisha kuchujika. Mizizi ya mikuyu nayo huushika ukingo usimomonyoke, na kivuli chake huwasitiri samaki, vyura na mbega.

Hapo kale ardhi ya Uluguru ilikuwa mikononi mwa koo, zirithiwazo upande wa mama, na kila ukoo uliihifadhi misitu yake ya matambiko, ambamo kukata mti ilikuwa mwiko. Taadhima hiyo haikuhitaji askari, maana aliyeivunja alijibu mbele ya jamaa zake mwenyewe, walio hai na waliotangulia.

Serikali ya Wadachi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliiwekea mipaka misitu ya vileleni; Waingereza nao, mnamo miaka ya 1950, wakaingia mashambani kwa mpango wa kuzuia mmomonyoko, wakawashurutisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Nia haikuwa mbaya. Lakini udongo wenye rutuba wa milima ile ni mwembamba, na jembe la kuchimba ngazi lilifukia ule wa juu na kuutoa nje ule wa chini usioota kitu, hata mtu akavuna haba kuliko mwaka uliotangulia, na juu ya hayo akatozwa faini alipokataa. Mwezi wa Julai 1955 watu waliandamana, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Kisa hicho ndicho Roland Young na Henry Fosbrooke walichokitungia kitabu kilichotoka mwaka 1960.

Baada ya uhuru, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema. Ila yule ambaye bustani yake yote ya mboga imo ndani ya meta hizo, atakula nini? Jawabu moja lilipatikana Kibungo Juu, huko huko Uluguru, ambako mashirika ya CARE na WWF yaliwapatanisha wakulima wa mlimani na watumiaji wa maji wa bondeni, likiwamo DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, ili anayehifadhi ardhi alipwe. Wakulima wakapanda miti, na yale matuta yaliyokataliwa mwaka 1955 yakachimbwa katika milima ile ile pasipo bakora wala faini. Wahenga walisema kweli: hiari yashinda utumwa.

Basi rai yangu ni kwamba meta 60 hazitalindwa kwa mabango na mgambo. Zitalindwa siku mkazi wa Dar es Salaam, afunguapo bomba lake, atakapokubali kuchangia gharama ya mkulima aliyeuacha ukingo wa kijito ukaota majani.