Majina ya Kihindu yaliyoishinda sheria ya Manu

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'aa gizani. Lakini ni nani mwenye mamlaka ya kuamua jina jema ni lipi? Historia ya majina ya Kihindu yatokanayo na maumbile inatupa jibu.

Mengi ya majina hayo chimbuko lake ni Kisanskriti, lugha kongwe ya ibada na elimu nchini India. Usha ni alfajiri. Katika Rigveda, mkusanyiko wa nyimbo za ibada wenye umri wa takriban miaka 3,000 au zaidi, alfajiri husifiwa kama mungu wa kike. Ravi ni jua, nalo limejificha ndani ya jina la Rabindranath Tagore, mshairi wa Kibengali aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Rohini ni mojawapo ya vituo 27 vya mwezi angani. Ganga na Yamuna ni mito mitakatifu. Kokila ni ndege asifikaye kwa sauti tamu.

Yungiyungi, lile ua la majini, lina majina chungu nzima: Kamal, Padma, Aravind, Saroj, Niraj. Tamu zaidi ni Pankaj. Panka ni tope, ja ni kuzaliwa. Yaani aliyezaliwa topeni. Sasa basi, hata chura huzaliwa topeni, mbona haitwi Pankaj? Wanasarufi wa Kisanskriti waliutumia mfano huu kufafanua kuwa maana ya neno haitokani na viungo vyake pekee, bali pia na mazoea ya wasemaji. Na mzazi anayemwita mwanawe Pankaj hafikirii tope. Anafikiria ua lililotoka humo likiwa safi.

Hata hivyo, si kila mtu aliyapenda majina haya. Manusmriti, kitabu cha sheria na maadili ambacho wataalamu wengi hukiweka kati ya karne ya 2 KK na ya 3 BK, kinamwonya mwanamume asioe msichana mwenye jina la nyota, mti, mto, mlima, ndege wala nyoka. Ati Rohini, Ganga na Kokila hawafai kuolewa!

Ajabu ni kwamba kitabu hicho hicho kinaagiza jina la mwanamke liwe jepesi kutamka, lenye maana wazi, la kupendeza na linaloishia kwa irabu ndefu. Hivi Rohini au Ganga lina kasoro gani hapo? Kwa kipimo hiki yanafuzu. Kwa kile kingine yanaanguka.

Tena Manu hakuishia kwa wasichana. Aliagiza jina la Brahmani liashirie baraka, la Kshatriya nguvu, la Vaishya mali, na la Shudra lidokeze unyonge. Jina likawa kitambulisho cha tabaka. Mtoto wa siku kumi au kumi na mbili tu, tayari ameshaonyeshwa pa kuketi katika jamii.

Wazazi walifanyaje? Waliendelea kuwaita binti zao Rohini, Ganga, Yamuna na Kokila, na mabinti hao wakaolewa, wakazaa, wakawa nyanya. Leo majina hayo yangali hai, na ni wachache wanaokumbuka kwamba yaliwahi kukatazwa.

Nasi Wakenya tulionywa vivyo hivyo. Wamishenari wengi hawakuwabatiza waumini kwa majina ya kwao. Akinyi, aliyezaliwa asubuhi, na Akoth, aliyezaliwa wakati wa mvua, wakatakiwa kutafuta majina ya Kizungu. Mpaka leo wapo wazazi wanaoyaonea haya majina hayo ya Kijaluo, ilhali Akinyi na Usha wanasimama karibu sana, mmoja asubuhi, mwenzake alfajiri.

Sheria huandikwa na wachache. Jina huitwa na wengi, na linaloitwa ndilo linalodumu.