Ahsante ya Punda na Paa wa Unguja

Waingereza humsema asiye na shukrani kuwa auma mkono unaomlisha. Sisi husema ahsante ya punda ni mateke. Misemo hiyo, ijapokuwa imezaliwa mbalimbali, yakubaliana kwamba mfadhili ni binadamu na mtovu wa fadhila ni mnyama. Hata methali ya mfadhili mbuzi, inayomlaumu binadamu, humweka mbuzi mkononi mwa mwenyewe, tena chunguni.

Unguja kilisimuliwa kisa kinachogeuza mambo. Edward Steere, mmisionari wa UMCA aliyefika huko mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, alikichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi, kwa jina la Sultani Darai. Maskini mmoja, aliyezoea kuchakura punje za mtama jaani, aliokota thumuni akanunua paa. Paa akampatia jina la usultani, binti wa mfalme kuwa mkewe, na jumba la nyoka wa vichwa saba, ambaye paa mwenyewe alimwua. Kisha paa akaugua. Bwana akaagiza apewe uji wa mtama mwekundu, wala hakwenda kumtazama. Mkewe alimsihi, asisikilizwe. Paa akafa, akatupwa kisimani; na yule bwana akazinduka yumo jaani, anachakura kama zamani.

Tuangalie kisa hiki kilisimuliwa wapi. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa lingali wazi. Lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu mahali palepale. Katika mji wa namna hiyo mwenye mali ndiye hudai shukrani, kwa kuwa amelisha na kuvika. Sidai kwamba msimulizi alikusudia paa awe mtumwa. Mnyama amtajirishaye maskini yumo pia katika hadithi za Ulaya, kama ile ya paka mwenye viatu. Lakini paa huyu alinunuliwa kwa fedha, na wasikilizaji walijua ni nani wengine walionunuliwa.

Swali hilo lilihamia pia Mbweni, shamba ambalo misheni ililinunua mwaka 1871 na kuwaweka watu waliookolewa na manowari za Kiingereza. Walilishwa, wakafundishwa, wakalima. Je, ni nani hapo aliyekuwa na deni la shukrani, na kwa nani? Tuhubiripo habari ya wakoma kumi, katika Luka 17, punda huletwa mimbarani upesi. Paa sijapata kumsikia huko.