Dabighi: Kitenzi kilichobaki chuoni ngozi zilipokwenda kiwandani

HEBU msomaji jaribu kunieleza kwa Kiswahili tofauti kati ya ngozi iliyochunwa leo machinjioni na ngozi ya kiatu ulichovaa. Zote ni ngozi. Hata hiyo inayokuwasha mgongoni ni ngozi. Nomino yetu haibagui. Kazi ya kubagua iliachiwa kitenzi, nacho ni ‘dabighi’.

Kudabighi ni kuitia ngozi dawa isioze, ibaki laini na imara. Asili yake ni Kiarabu. Huko Marrakech, lango mojawapo la mji mkongwe lingali linaitwa Bab Debbagh kwa sababu ya mafundi wa kazi hiyo. Waswahili walikipokea kitenzi hiki, wakakitia irabu zao na kukinyambua kama vingine: dabighia, dabighisha, dabighika, dabighiwa. Fundi wake ni mdabighi. (Wanafunzi wangu huchanganya na ‘dhabihu’. Huyo wa dhabihu anachinja. Mdabighi humsubiri amalize.)

Kilichokihifadhi kitenzi hiki Pwani, kwa maoni yangu, si soko bali ni fiqhi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, mzoga ni najisi lakini ngozi yake hutwahirika ikidabighiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Basi ilibidi mafakihi waseme kudabighi ni nini hasa. Wakasema kuianika juani hakutoshi, wala kuipaka mchanga, maana ngozi iliyokaushwa tu ikilowa hurudia kuoza. Sharti itiwe kitu chenye ukakasi, kwa mfano maganda ya komamanga. Ukakasi huo ndio ambao wanakemia huuita tanini. Mtoto wa chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, alijifunza sayansi hiyo ndani ya mlango wa twahara.

Dawa yenyewe haikuwa mbali. Magome ya mikoko, hasa mkandaa, yana tanini tele. Wakati Wajerumani wakitawala Tanganyika, magome ya delta ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda Ulaya kudabighi ngozi za huko. Bara nako, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Kenya ilipanda miwati kwa ajili ya magome yake. Kampuni ya East African Tanning Extract ikawa na mashamba makubwa na kiwanda Eldoret. Shughuli ilikuwa kubwa, lakini neno halikupanda gari la moshi kwenda bara. Mimi sijapata kumsikia mzee wa Eldoret akisema alikuwa akiuza magome ya kudabighia. Husema magome ya ‘kutengeneza ngozi’.

Watafsiri nao walishika njia hiyo. Katika Biblia ya Kiswahili ya 1952, yule Simoni wa Yafa aliyemkaribisha Petro anaitwa mtengenezaji wa ngozi. Siwalaumu sana, kwani walitaka kueleweka kutoka Lamu hadi Kigoma. Lakini fundi viatu naye hutengeneza ngozi, sivyo? Na mshona mikoba je?

Siku hizi viwanda vingi vimeacha magome. Ngozi huondolewa manyoya kwa chokaa, kisha hutiwa chumvi za kromiamu, na kilichochukua wiki au miezi huisha kwa siku chache. Ngozi hutoka ikiwa na unyevu na rangi ya samawati. Imekwisha kudabighiwa, ingawa bado haijapakwa rangi wala kulainishwa.

Hapo ndipo pesa zilipo. Serikali yetu imetoza ushuru ngozi mbichi zinazouzwa nje ili kazi ya kudabighi ifanyike hapa nyumbani. Ukisoma habari hizo kwa Kiswahili utaambiwa tu kwamba ‘ngozi’ zimetozwa ushuru na ‘viwanda vya ngozi’ vitafaidika. Mfugaji wa Garissa mwenye ngozi za mbuzi zilizotiwa chumvi atajuaje kwamba anayetozwa ni yeye, si mwenye kiwanda? Wahariri wangeandika ‘ngozi mbichi’ na ‘ngozi iliyodabighiwa’, angejua. Neno tunalo, na wanafunzi wa vyuo vya Lamu wanalielewa vizuri.