Nani Apimaye Uzuri wa Picha?

Leo tuna maneno matatu ya kujifunza: mwamuzi, kipimo na maonyesho. Mwamuzi ni mtu anayekata shauri. Kipimo ni kitu cha kupimia. Maonyesho ni mahali watu wanapoweka kazi zao ili wengine wazitazame. Yaandikeni katika madaftari yenu, kisha tuendelee.

Mkulima akipeleka pamba yake sokoni, kwanza hutazamwa kama ni safi au fifi, kisha hupimwa kwa mizani. Akiona ameonewa, aweza kusema, “Pima tena.” Mizani haina rafiki wala adui. Lakini picha je? Picha haina ratili wala kilo. Mmoja aitazama na kusema ni nzuri. Jirani yake aitazama na kusema haifai hata kuziba dirisha. Basi ikiwa mtu mmoja amepewa mamlaka ya kusema, “Hii ipite, hii irudi,” atatumia kipimo gani? Swali hili liliwasumbua sana watu wa Ufaransa, na leo tutasoma habari zao.

Mwaka 1648 kilianzishwa mjini Paris Chuo cha Kifalme cha wachoraji na wachongaji. Mwaka 1667 chuo hicho kilianza kufanya maonyesho ya kazi za watu wake. Baadaye maonyesho yakafanyika katika chumba kikubwa cha jumba la Louvre, nayo yakapata jina la chumba hicho, yakaitwa Salon. Mwaka 1748 liliwekwa baraza la waamuzi la kuchagua picha zitakazoingia.

Msidhani kwamba kukataliwa na baraza hilo kulikuwa jambo dogo. Wanunuzi walikwenda Salon, na serikali pia ilinunua picha huko. Mchoraji ambaye picha yake haikuingia alikuwa kama mwenye duka lililofungwa mlango. Kodi ya nyumba ilimngoja, na watoto walitaka kula. Mwaka 1866 mchoraji mmoja, Jules Holtzapffel, alijiua baada ya baraza kuzikataa kazi zake. Tazameni basi uzito wa neno moja la mwamuzi.

Sasa tufike mwaka 1863. Mwaka huo zililetwa kazi zipatazo 5,000, na baraza likakataa zaidi ya nusu. Waamuzi wengi walikuwa wazee wa Chuo. Wao walipenda picha iliyolainishwa vizuri, isiyoonyesha alama za brashi, yenye habari za kale au za miungu. Hatuna haja ya kusema kwamba walikuwa watu wabaya. Walipima kwa kipimo walichofundishwa ujanani, wakasahau kwamba kipimo hicho nacho kilitungwa na watu.

Wachoraji wakalalamika, na kelele zikafika kwa Kaisari Napoleon III. Yeye akatoa amri kwamba picha zilizokataliwa ziwekwe katika jumba lile lile la maonyesho, upande mwingine, ili watu wote wajionee na kuamua. Maonyesho hayo ya picha zilizokataliwa yalifunguliwa tarehe 15 Mei 1863. Wachoraji wengine waliogopa aibu wakachukua picha zao. Wengine walikaza moyo wakaziacha.

Je, watu walipopewa ruhusa ya kuamua, waliamua vizuri? Wengi walikuja kucheka. Walicheka hasa mbele ya picha ya Édouard Manet, iliyoonyesha mwanamke asiye na nguo ameketi msituni pamoja na wanaume wawili waliovaa nguo za siku zile. Walisema ni jambo la aibu, tena mchoraji hajui kupaka rangi. Lakini mwaka huo huo baraza lilikuwa limekubali picha ya Alexandre Cabanel, nayo pia ya mwanamke asiye na nguo, amelala juu ya mawimbi. Hiyo ilisifiwa, na Kaisari mwenyewe akainunua. Tofauti ilikuwa nini? Wa Cabanel aliitwa mungu wa kike wa zamani. Wa Manet alionekana kama mtu wa mjini Paris ambaye ungeweza kukutana naye njiani. Leo picha zote mbili zimo katika jumba moja la makumbusho, Musée d'Orsay, Paris, na ile iliyochekwa ndiyo yenye sifa kubwa zaidi.

Wazee wetu husema, “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.” Ni kweli mara nyingi, lakini si kila siku. Chema kigeni huchelewa kujiuza, kwa kuwa macho ya watu hayajakizoea.

Basi wachoraji wengine wakasema, “Na tuwaache waamuzi, tufanye maonyesho yetu wenyewe.” Mwaka 1874 Claude Monet, Berthe Morisot, Camille Pissarro, Edgar Degas na wenzao walifanya hivyo mjini Paris. Mwaka 1884 kikaanzishwa chama cha wasanii wa kujitegemea. Sheria yake ilikuwa fupi: hakuna baraza la kuchagua, wala hakuna zawadi.

Labda wewe unayesoma ukurasa huu wasema, “Vema, shauri limekwisha.” Ngoja kidogo. Wasanii wa New York, Marekani, waliiga mfano huo. Walitangaza kwamba kila atakayelipa dola 6 ataonyesha kazi yake katika maonyesho ya Aprili 1917. Ndipo kikaletwa chombo cha kauri cha chooni, kile cha wanaume kwa haja ndogo, kimetiwa sahihi ya “R. Mutt”. Ada ilikuwa imelipwa. Hata hivyo wakuu wa chama wakabishana, wakapiga kura, na wengi wao wakasema hakiwezi kuwa sanaa. Hakikuonyeshwa. Aliyekileta alikuwa Marcel Duchamp, mmoja wa wakuu wa chama hicho hicho, naye akajiuzulu. Kwa hiyo wale waliosema hawana mwamuzi walikuwa naye, ila alikuwa amekaa nyuma ya mlango.

Tunajifunza nini? Kwanza, pasipo mizani, kila mwamuzi hupima kwa mazoea yake, awe mzee wa Chuo, awe mtu wa kundi linalocheka, au awe mkuu wa chama huru. Pili, kuondoa jina la mwamuzi si kumwondoa mwamuzi. Ni afadhali ajulikane, aseme sababu yake, na akubali kuulizwa. Tatu, aliyekataliwa apate mlango wa pili. Mlango ule wa mwaka 1863 ulifunguliwa kwa shingo upande, na wengi walipita wakicheka. Lakini usingalifunguliwa, watu wengi wasingaliiona kazi ya Manet mwaka ule.

Nasi pia huamua. Huchagua ngoma ya kushinda, shairi la kusomwa, kinyago cha kununuliwa. Siku utakapoketi katika kiti hicho, kabla hujasema “hii haifai,” jiulize: je, haifai, au sijaizoea?

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini kukataliwa na Salon kulimletea mchoraji hasara?
2. Picha ya Manet na ya Cabanel zilitofautianaje machoni pa watu wa mwaka 1863?
3. Kama ninyi mngekuwa wakuu wa chama cha New York, mngepiga kura gani, na kwa sababu gani?

Jadilianeni pamoja na mwalimu wenu, kisha kila mmoja aandike sentensi tano. Kwaherini, hadi somo lijalo.