Kitita cha miraa na asali: Lugha ya posa miongoni mwa Wameru

KATIKA mataifa mengi, harusi hulindwa kwa alama. Ugiriki, kwa mfano, nguo za bibi harusi zilitariziwa nakshi za kumkinga dhidi ya jicho la husuda. Miongoni mwa Wameru wa Kenya, uzito huo wa maana umebebwa na vitu viwili: miraa na asali.

Katika maeneo ya Igembe na Tigania, kwenye milima ya Nyambene, kijana anayeposa hupeleka kwa wazazi wa msichana kitita maalumu cha miraa bora kiitwacho ncoolo. Wakikipokea, mlango wa mazungumzo umefunguliwa. Wakikikataa, posa imekataliwa bila ya maneno makali kutamkwa. Miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke, na baada ya siku mbili hivi hupoteza nguvu. Kwa hiyo, kitita cha heshima hakiwekwi akiba; sharti kiwe kimechumwa karibuni.

Asali nayo huandamana na mifugo ya mahari: mtamba, fahali, kondoo jike na kondoo dume. Ndiyo hutengenezewa pombe ya wazee, ambao kinywa chao huaminika kuwa na uwezo wa kubariki na wa kulaani. Ndoa iliyofungwa bila ya baraka hizo huhofiwa kuandamwa na mikosi.

Miraa pia ni zao la biashara. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka wa 2013 na Uingereza mwaka wa 2014, hatua zilizowaumiza wakulima wa Nyambene. Hata hivyo, thamani ya ncoolo haipimwi kwa bei ya ng'ambo, bali kwa kukubaliwa kwake.

Alama hizi zina uzito hata mbele ya sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inatambua ndoa za kimila, na pale mila inapodai mahari, sehemu ndogo tu iliyotolewa kama ishara inatosha kuthibitisha ndoa. Wanandoa nao wanatakiwa kumwarifu msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za kimila. Kwa mjane anayedai urithi bila ya cheti, ushahidi wa waliohudhuria makabidhiano hayo waweza kuwa ndio ngao yake. Penye mashahidi, haki haipotei kwa urahisi.