Ulitolewa mfuko wa nyongo kwa matundu, sasa kitovu kimevimba? Soma hii

Makovu yenyewe ni manne, tena madogo. Wiki ya pili mtu anajiona yuko fiti, anarudi dukani Kariakoo na kunyanyua robota la mitumba la kilo 45. Miezi inapita, halafu anashtukia kauvimbe pembeni ya kitovu. Akikohoa kanatokeza, akilala kanarudi ndani.

Hiyo inaweza kuwa ngiri ya kovu. Mtaani ngiri tunaijua kama ugonjwa wa wanaume na zile chupa za dawa za mizizi, kwa hiyo mwanamke anaweza kukaa nayo muda mrefu bila kushtuka. Na mawe kwenye nyongo huwapata zaidi wanawake.

Inatokeaje? Operesheni hii ilifanywa kwa mara ya kwanza na Erich Mühe huko Ujerumani, Septemba 1985. Kwa wakazi wa Ilala, siku hizi inapatikana hapa hapa Upanga, Muhimbili. Daktari hupitisha kamera na vifaa kwenye matundu ya milimita 5 hadi 12. Tundu la kitovuni ni kati ya yale makubwa, na mara nyingi mfuko hutolewa kupitia hapo. Mawe yakiwa makubwa, linapanuliwa.

Ngozi juu inaweza kupona vizuri kabisa, lakini utando mgumu wa ukuta wa tumbo ukibaki na mwanya, mafuta au utumbo hupenya. Ndiyo maana matundu ya milimita 10 na zaidi kwa kawaida hushonwa mpaka kwenye utando huo. Ya milimita 5 ni nadra kuleta shida.

Hatari huongezeka kidonda kikitunga usaha, au ukiwa na unene, kisukari, kikohozi cha muda mrefu au unavuta sigara. Kabla ya kuruhusiwa, muulize daktari lini unaweza kubeba mzigo. Kwa kazi nzito, mara nyingi utaambiwa wiki 4 hadi 6. Najua, kodi ya fremu haisubiri.

Hakuna dawa ya kunywa inayoziba mwanya huo, iwe ya duka la dawa au ya mizizi. Huzibwa kwa operesheni, mara nyingi kwa kuwekewa wavu maalumu, na si lazima iwe leo leo.

Ila uvimbe ukiwa mgumu, ukagoma kurudi ndani, unauma sana, unatapika au hupati choo wala ushuzi, utumbo unaweza kuwa umebanwa. Hapo usisubiri kukuche, nenda Amana au Muhimbili, kitengo cha dharura.